Seti Kamili ya Taimingi au Mkanda Mtupu? Tathmini ya Kilichomo Ndani ya Boksi

Anayekwenda kununua mkanda wa taimingi, ule wa meno unaounganisha krenki na kamshafti za injini, hukutana na maboksi ya aina tatu. La kwanza lina mkanda peke yake. La pili lina mkanda, tenshena (kifaa cha kuukaza) na puli zake (magurudumu unayopitia). La tatu lina vyote hivyo pamoja na pampu ya maji, na kwa baadhi ya injini hata sili za krenki na kamshafti zimo. Bei hupanda kila hatua, na wengi huishia kwenye boksi la kwanza kwa hoja kwamba kinachokatika ni mkanda. Ni kweli mkanda ndio unaokatika, lakini ukikatika kabla ya muda wake mara nyingi kuna jirani aliyeuua: beringi iliyogoma, pampu iliyolegea au sili inayovuja oili. Ndiyo maana tathmini hii inazipima beringi kwanza, mkanda wenyewe baadaye.

Kinacholindwa

Krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kamshafti, shafti inayofungua valvu. Puli ya kamshafti ina meno mara mbili ya yale ya puli ya krenki, na mkanda ndio unaoshikilia uwiano huo. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, krenki inazunguka mara 50 kila sekunde, na kila valvu inafunguka na kujifunga mara 25 ndani ya sekunde hiyohiyo. Mkanda ukikatika hapo, springi za valvu huisimamisha kamshafti karibu papo hapo, popote ilipofikia, na baadhi ya valvu hubaki wazi. Krenki haina habari. Flaiwili, gurudumu zito lililofungwa kwenye krenki, bado ina msukumo, na gari likiwa kwenye gia, magurudumu yanaendelea kuizungusha.

Kinachofuata kinategemea kama valvu iliyo wazi na pistoni iliyo juu zinagombania nafasi moja. Zikigombania, pistoni huigonga valvu na kuipinda. Haihitaji kupinda sana. Kiasi kisichoonekana kwa macho kinatosha kuizuia isikae kwenye kitako chake, na silinda hiyo inakosa kompresheni. Kipigo kikiwa kikubwa, gaidi ya valvu (kibomba kinachoongoza shina lake) hupasuka, au kichwa cha valvu hukatika na kudondokea ndani, na hapo pistoni hukisaga mpaka yenyewe itoboke na silinda hedi iharibike. Dizeli huumia zaidi. Valvu zake nyingi husimama wima juu ya pistoni, na nafasi iliyobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni ndogo mno, kwa hiyo roka huvunjika na hata kamshafti yenyewe huweza kukatika.

Zipo injini zilizosalimika kwa jinsi zilivyochorwa. Toyota 5S-FE na 7A-FE, au ile ya lita 1.6 ya Mazda MX-5 za mwanzo, mkanda ukikatika injini huzima tu. Funga mkanda mpya, seti alama, inawaka. Honda J35, Subaru EJ25 na Volkswagen 1.9 TDI ziko upande wa pili: hupinda valvu. Usikisie kwa jina la gari, soma kodi ya injini, yaani herufi na namba za kuitambulisha. Corolla yenye 7A-FE ina mkanda, Corolla yenye 1ZZ-FE ina cheni, na mwenye cheni hahitaji boksi lolote kati ya haya matatu.

Mkanda wa kisasa hautoi onyo la kuaminika. Injini hukata kama aliyezima swichi, na ukijaribu kuwasha, starta huzunguka kwa wepesi usio wa kawaida, mlio mmoja mnyoofu bila ule mdundo wa kompresheni. Ukisikia mlio huo, acha ufunguo. Kila jaribio la ziada linaweza kuongeza valvu nyingine kwenye hesabu ya fundi.

Kabla ya kuagiza seti kwa injini iliyokwisha kukatika mkanda, pima kwanza uharibifu. Toa plagi, ingiza kamera nyembamba ya kuchungulia, tazama juu ya pistoni: alama ya nusu mwezi inayong'aa ni mahali valvu ilipogonga. Kisha zungusha kamshafti kwa mkono hadi valvu za silinda husika zifunge, na usukume hewa yenye shinikizo kupitia tundu la plagi. Hewa ikisikika ikitokea njia ya kuingizia hewa, valvu ya kuingiza imepinda. Ikitokea kwenye ekzosi, ni ya kutolea. Seti mpya ikifungwa juu ya valvu zilizopinda, umenunua vipuri vya kuvalisha maiti.

Beringi: hapa ndipo boksi linapimwa

Toa puli na tenshena, zishike mkononi, zungusha kwa kidole. Beringi nzuri ya taimingi huzunguka kwa uzito kidogo, kama iliyo ndani ya asali, kwa sababu imejaa grisi, kisha inasimama baada ya mizunguko michache. Ile inayozunguka kwa muda mrefu kama gurudumu la kuchezea watoto humfurahisha mnunuzi, lakini mara nyingi ina grisi haba. Ikiwa ni mpya, irudishe. Ikiwa imetoka kwenye injini, imeshamwaga grisi yake na iko njiani kugoma. Beringi ikigoma, puli inaacha kuzunguka na mkanda unaanza kuteleza juu ya chuma kisichosogea. Joto hupanda, mgongo wa mkanda unaungua, na safari inaishia hapo hata kama mkanda ulikuwa na kilomita 20,000 tu.

Angalia pia jina kwenye beringi. Seti inayostahili bei yake huwa na beringi zenye jina la kiwanda na namba, mfano NTN, Koyo, NSK, INA au SKF, zimechongwa au kuchapwa waziwazi kwenye pete au sili. Beringi isiyo na jina ndani ya boksi lenye jina kubwa ni sababu tosha ya kuuliza maswali. Puli za plastiki si kasoro; injini nyingi zimetoka nazo kiwandani. Kasoro ni mshono wa plastiki unaokwaruza ukipitisha ukucha pale mkanda unapopita.

Tenshena ya oili, ile yenye fimbo inayosukuma, ina kipimo chake. Katika injini nyingi za Toyota zenye silinda zilizopangwa kwa umbo la V, fimbo ikiwa huru hutokeza takriban milimita 10 hadi 11. Ishike wima na kuisukuma kwenye meza kwa uzito wa mwili: isizame. Ikizama, oili imepotea ndani na mkanda utalegea, hasa asubuhi injini ikiwa baridi. Unyevu mwembamba wa oili kwenye sili yake si neno, tone linaloning'inia ndilo tatizo. Seti nzuri huleta tenshena imeshabanwa na kipini cha kuizuia fimbo isitoke kimo. Kipini hicho hakitolewi mpaka mkanda uwe umekaa sawasawa. Anayekitoa mezani ili aone inavyofanya kazi atalazimika kuirudisha kwa jiliwa, tenshena ikiwa wima, polepole sana, kwani kubana haraka huharibu vali ndogo ya ndani.

Tenshena ya springi yenye mshale ni rahisi zaidi kuikagua lakini ni rahisi zaidi kuikosea. Huwa na mshale na mwanya, na hukazwa injini ikiwa baridi, ikizungushwa upande uliotajwa kwenye kitabu cha injini. Ukiizungusha upande wa pili mshale unaweza bado kufika mwanyani, halafu ukae pabaya injini ikipata joto.

Pampu ya maji

Katika injini ambazo pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi, boksi la tatu halina mshindani. Kuifikia pampu ni kufungua vilevile ulivyofungua kwa ajili ya mkanda: fenibelti, puli ya krenki, makava, na mara nyingi mhimili wa injini. Pampu ya zamani ikianza kuvuja miezi sita baadaye, kazi yote inarudiwa, na mkanda uliolowa maji ya radieta haufai kurudishwa.

Ndani ya boksi tazama mambo mawili. Kwanza mapanga ya pampu: ya chuma kilichobonyezwa, ya chuma cha kumimina au ya plastiki, yote hufanya kazi, ila yalingane na ya asili kwa idadi na kimo. Pili gasketi. Ikiwa ni ya chuma yenye ukingo wa mpira, hufungwa kavu bila silikoni. Silikoni iliyopakwa kwa wingi hujikusanya ndani, ikakatika vipandevipande na kuziba radieta. Ikiwa ni pete ya mpira, iloweshe kwa kulanti, si kwa grisi. Bolti za M6 zinazoingia kwenye alumini kwa kawaida huishia karibu na Nm 10, kiasi ambacho mkono uliozoea bolti za magurudumu hukipita bila kujua, na nyuzi za alumini hutoka zote pamoja na bolti.

Aisin inafaa kutajwa hapa kwa sababu ni mtengenezaji wa pampu zinazofungwa na Toyota kiwandani. Kwa Toyota na Lexus, seti yake ni kati ya chache ambazo pampu ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote. Kwa magari ya Ulaya, majina yanayostahili kuangaliwa kwanza ni Gates, Continental, Dayco, INA na SKF, na mara nyingi moja kati yao ndiye aliyekuwa msambazaji wa kiwanda kwa injini hiyohiyo.

Kusoma namba ya boksi

Wauzaji wengi husema "seti kamili" wakimaanisha chochote kisicho mkanda peke yake. Namba haidanganyi. Kwa SKF, VKMA ni seti bila pampu, VKMC ni seti yenye pampu. Kwa Continental, namba ya mkanda huanza na CT. Ikiishia na K1 au K nyingine ni seti ya mkanda na puli, ikiwa na WP pampu imo. Dayco huandika KTB na KTBWP. Gates za soko la Marekani ni TCK na TCKWP, na zile za Ulaya ni K na KP. Herufi hizo mbili tatu ndizo tofauti kati ya kufungua injini mara moja na kuifungua mara mbili.

Linganisha pia vipuri vidogo. Injini nyingi zina bolti za kutumika mara moja, zile zinazovutika zikikazwa kwa nyuzi za pembe, na seti nzuri huzileta mpya. Seti za bei ya chini huziacha nje, fundi anarudisha za zamani, na bolti ya puli ikikatika mkanda hauna la kufanya.

Mkanda wenyewe

Mikanda mizuri ya leo ni ya HNBR, aina ya mpira wa sintetiki, wenye nyuzi za kioo ndani na kitambaa cha nailoni juu ya meno. Nyuzi za kioo hubeba mvutano mkubwa lakini hazipendi kukunjwa. Mkanda unaoonyeshwa dukani ukiwa umegeuzwa nje ndani, umepindwa kama kitanzi kidogo au umefungwa kwa raba usiununue, hata kama haujapata mkwaruzo. Nyuzi zikivunjika ndani, nje haonekani mtu.

Mkanda uliokatika usiutupe, kwa sababu unaeleza kilichoua. Ukikatika mstari mnyoofu kama uliokatwa kwa kisu, ulikunjwa kabla au wakati wa kufungwa. Ukichanika ovyo kwa pembe, kuna kitu kiliingia ndani ya kava, kokoto au bolti iliyolegea, au mkanda ulikazwa kupita kiasi. Meno yaliyonyofoka sehemu moja huonyesha ulegevu, au kitu kilichogoma mbele yake. Ukingo mmoja uliolika humaanisha puli imekaa upande. Mpira uliovimba na kulainika ni oili, na hapo kununua seti isiyo na sili za krenki na kamshafti ni kuupeleka mkanda mpya kwenye dimbwi lilelile.

Ushauri wa zamani wa kuchungulia nyufa hauna maana sana kwa HNBR. Mkanda unaweza kuwa mweusi, laini na wenye sura nzuri hadi siku ya mwisho. Kilomita na miaka ndiyo kipimo. Watengenezaji wengi hutoa kati ya kilomita 90,000 na 160,000, na ukomo wa miaka ambao madereva wengi huusahau. Gari linalotembea kidogo linazeesha mpira kama kawaida.

Mikanda inayofanya kazi ndani ya oili, kama ya Ford EcoBoost ya lita 1.0 na PureTech ya lita 1.2, haimo katika tathmini hii. Tatizo lake ni lingine: oili isiyo sahihi huumega mpira, na vumbi lake huziba chujio la pampu ya oili kabla mkanda haujakatika.

Feki

Mkanda feki ni rahisi kuuchapa. Sugua maandishi kwa kidole chenye petroli kidogo. Wino unaofutika mara moja unatia shaka. Pima upana kwa venia sehemu tatu: tofauti ya nusu milimita ndani ya mkanda mmoja haikubaliki. Tazama meno kwa pembeni, yawe na umbo moja, na kitambaa kifike mpaka chini ya kila jino bila mpira kutokeza. Boksi nyingi za majina makubwa sasa zina kodi ya kuskani, mathalani OneCode ya Schaeffler, wenye jina la INA. Iskani kabla ya kulipa, na boksi liwe limefungwa, kwa sababu boksi halali lenye vipuri vya kubadilishwa ndani ni ujanja unaofahamika.

Mahali seti nzuri inapoharibiwa

Hata boksi bora hufa mikononi. Ondoa waya wa betri, toa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, peleka silinda ya kwanza juu kabisa na alama zote zikae mahali pake kabla ya kulegeza tenshena. Vipini vya kushikia kamshafti visitumike kushikilia injini wakati wa kufungua bolti ya krenki. Bolti hiyo hukazwa kwa nguvu sana na vipini huvunjika, au kamshafti. Anza kuvalisha mkanda kwenye krenki, uuvute upande usio na tenshena uwe umekaza, ulegevu wote uishie upande wa tenshena. Ndipo kipini kitolewe.

Baada ya hapo zungusha krenki kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili kwa uelekeo wa injini. Ikigoma, simama, usilazimishe, hiyo ni valvu imekutana na pistoni. Ikizunguka, angalia alama za kwenye puli na bloku. Hapa wengi hupata hofu isiyo na msingi: mistari nyeupe iliyochapwa kwenye mkanda haitarudi mahali pake. Chukua mkanda wenye meno 163 na puli ya krenki yenye meno 24. Mistari hiyo na alama za krenki na kamshafti zitakutana tena zote pamoja baada ya mizunguko 326 ya krenki. Mistari ni ya kuvalishia tu, alama za puli ndizo za kukagulia.

Jino moja likikosewa kwenye puli hiyo ya meno 24, krenki imetofautiana nyuzi 15. Injini itawaka, itatetema ikiwa taratibu, itakosa nguvu, na kwenye magari yenye sensa za krenki na kamshafti kompyuta mara nyingi huandika P0016, kodi ya hitilafu inayosema krenki na kamshafti hazilingani. Meno mawili au matatu kwenye injini inayopiga valvu ni hatari tosha. Mlio wa mluzi unaopanda pamoja na mizunguko baada ya kufunga ni mkanda uliokazwa mno; mlio wa kupigapiga ndani ya kava ni uliolegea. Yote mawili yanadai kufungua tena, si "kusubiri uzoee".

Alama

Seti kamili yenye pampu, beringi zenye jina na bolti mpya: 9 kati ya 10, na ile moja imepungua kwa sababu sili bado hununuliwa kando kwa injini nyingi. Seti ya puli bila pampu: 8 kwa injini ambazo pampu huzungushwa na fenibelti, 5 kwa zile ambazo pampu iko ndani. Mkanda mtupu: 3. Unafaa pale puli na tenshena zina kumbukumbu ya kubadilishwa karibuni na mkanda umelazimika kutoka kwa sababu ya kazi nyingine, kama kuziba sili iliyovuja. Kwa injini isiyopiga valvu waweza kuupandisha hadi 5, maana ukikosea gharama yake ni kubebwa na gari la kuvuta.

Kazi ikiisha, andika tarehe na kilomita kwenye stika ya kava la taimingi. Toyota nyingi za dizeli zina taa ya T-BELT inayowaka baada ya kilomita 100,000, kwa baadhi ya masoko 150,000, na lazima irudishwe sifuri baada ya mkanda kubadilishwa. Taa hiyo inahesabu kilomita, haihesabu miaka, na aliyeirudisha bila kubadilisha mkanda haachi alama yoyote. Ukinunua gari lisilo na stika wala risiti ya seti, hesabu mkanda wake kuwa wa zamani.